Jeneza, dari, saa ya nyota au duara la Dendera: uanzie wapi kulisoma anga la Misri ya kale?

Anayeamua kujifunza elimu ya nyota ya Misri ya kale hukwama mapema, kwa kuwa mambo ya kusoma ni mengi na hayafanani. Kuna majedwali ya nyota yaliyochorwa ndani ya vifuniko vya majeneza. Kuna dari za makaburi na mahekalu zenye viboko, mamba na miungu ndani ya mashua. Kuna saa za nyota katika makaburi ya mafarao walioitwa Ramesses. Na kuna duara la Dendera, anga lililochongwa kwenye dari ya hekalu, ambalo picha yake imewafikia hata wasiojua limetoka wapi. Mwenye jioni mbili kwa wiki za kujisomea, au siku nne tu za kutembea Luxor, hawezi kuyashika yote kwa pamoja.

Nimeyapima yote manne kwa maswali yaleyale. Linatuambia nini juu ya anga lenyewe? Ni gumu kiasi gani kulisoma kwa mtu asiyejua hieroglifi? Lina kasoro zipi za kujihadhari nazo? Na utaliona wapi? Mwisho wa kila moja nasema linamfaa nani.

Jambo moja ulijue tangu sasa, maana linawapotosha wengi: hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa daftari la mtazama nyota kazini. Yote yalitengenezwa kwa ajili ya wafu na miungu. Elimu imo, lakini imevaa nguo za mazishi na ibada.

Kwanza, mwongo na saa

Mwaka wa kiserikali wa Misri ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, kisha siku 5 za nyongeza. Kila mwezi uligawanywa mafungu matatu ya siku kumi kumi. Sisi tunalo neno la fungu hilo. Mabaharia na wakulima wa mwambao, waliohesabu mwaka kuanzia Nairuzi (siku ambayo Makunduchi huiadhimisha mpaka leo kwa Mwaka Kogwa), walihesabu kwa miongo, na mtu aliuliza "mwongo huu wa ngapi?" apate kujua msimu umefika wapi. Miongo 36 na siku 5. Ni hesabu ileile, kwa hiyo katika makala haya fungu la siku kumi nitaliita mwongo.

Saa nazo hazitakusumbua. Wamisri waliupa usiku saa 12 na kuanza kuzihesabu giza lilipoingia. Anayesema saa sita usiku akikusudia katikati ya usiku amekwisha kuizoea namna hiyo ya kuhesabu, na ataingia katika majedwali haya kwa wepesi kuliko msomaji wa Ulaya.

La kwanza: majedwali ya majeneza

Linasema nini. Majedwali haya yalichorwa upande wa ndani wa vifuniko vya majeneza ya mbao, takriban kati ya 2100 na 1800 KK, na mengi yametoka Asyut, mji wa katikati ya Misri. Yanajulikana zaidi ya 20. Kifuniko ndicho kilichokuwa mbingu ya marehemu, na juu ya mbingu hiyo mchoraji alipanga miraba midogo, kila mraba na jina la nyota.

Jedwali husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Juu kabisa kuna tarehe: miongo ya mwaka, safu moja ya wima kwa kila mwongo. Kwenda chini kuna mistari 12, ndizo saa za usiku. Sasa fuata jina la nyota moja. Katika mwongo fulani limeandikwa mstari wa 12, yaani nyota hiyo inatangaza saa ya mwisho kabla ya alfajiri. Katika mwongo unaofuata limepanda hadi mstari wa 11, halafu wa 10, na kuendelea, hadi baada ya miongo 12 linafika mstari wa kwanza na kutoka kwenye jedwali. Ukilitazama jedwali zima kwa mbali, kila jina linachora ngazi ya mshazari. Ndiyo maana wataalamu huyaita majedwali ya mshazari.

Sababu yake iko juu ya vichwa vyetu kila usiku. Nyota huchomoza mapema kwa karibu dakika nne kila siku, hivyo baada ya siku kumi imetangulia kwa dakika 40. Nyota au vikundi vidogo vya nyota vilivyochaguliwa, viitwavyo dekani, vilikuwa 36, na kila kimoja kilishika zamu yake kwa siku kumi. Hapo ndipo unaona kwamba "saa" ya jeneza ilikuwa na dakika kama 40 tu, na saa 12 za namna hiyo zilijaza giza tupu la usiku mfupi wa kiangazi, ukiondoa magharibi na mapambazuko. Mwanahistoria Otto Neugebauer alieleza kwamba hesabu ya saa 12 za usiku, na hatimaye saa 24 za siku tunazovaa mkononi, inaanzia hapa. Kila nikilifikiria hilo naona jeneza la Asyut lina haki ya kusomwa na kila mtoto wa shule anayejifunza kusoma saa.

Kuna jambo la pili lililo zito zaidi. Nyota ya dekani kuna sehemu ya mwaka ambayo haionekani. Sirius, ambayo Wamisri waliita Sopdet, hupotea kwenye mwanga wa jua kwa siku 70 hivi, kisha huibuka alfajiri upande wa mashariki, na katika zama hizo kuibuka kwake kulikaribiana na kujaa kwa Mto Nile. Mwambao wa kwetu unaijua hali hiyo kwa nyota nyingine: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Wamisri waliziona siku 70 hizo kuwa ni kifo cha nyota na kutakaswa kwake kuzimu kabla ya kuzaliwa upya, na siku 70 ndizo zilizokuwa kipimo cha kumwandaa maiti. Ukilijua hilo, huulizi tena kwa nini jedwali la saa limewekwa ndani ya jeneza. Marehemu aliwekwa kwenye zamu pamoja na nyota.

Ugumu wake. Ni rahisi kuliko linavyoonekana. Umbo lake ni hesabu tupu, na unaweza kulielewa bila kusoma hata hieroglifi moja. Chukua karatasi ya miraba, chora miraba 36 kwa 12, zipe nyota namba badala ya majina, uijaze ngazi mwenyewe. Kazi ya nusu saa hiyo itakufundisha kuliko kurasa nyingi za maelezo. Ugumu unaanza unapofika kwenye siku 5 za nyongeza, ambazo ziliwalazimu Wamisri kutafuta dekani nyingine za kuziba pengo na kuongeza safu za mwisho, hadi ya 40 katika jedwali lililokamilika. Sehemu hiyo iruke mara ya kwanza.

Kasoro zake. Mwaka wa siku 365 unapungukiwa robo siku, kwa hiyo jedwali liliachana na anga kwa siku moja kila miaka minne, na kwa mwongo mzima kila miaka 40. Lilihitaji kurekebishwa, na yapo yaliyorekebishwa na yapo yaliyonakiliwa tu jinsi yalivyokuwa. Wachoraji waliruka majina, waliyarudia, au waliishiwa na ubao kabla ya mwaka kwisha. Tena, ukiondoa Sirius na nyota za Orioni (Sah kwa Wamisri), dekani chache mno zinatambulika kwa uhakika angani. Wataalamu wanabishana hata juu ya jambo la msingi: je, jedwali linaonyesha nyota ikichomoza, au ikipita juu kabisa ya njia yake? Usimwamini anayekupa ramani iliyokamilika ya dekani zote 36.

Pa kuliona. Jeneza la Mesehti, aliyekuwa gavana wa Asyut, ni la jumba la makumbusho la Cairo. La Idy liko Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, na jingine la Asyut, la Nakhti, liko Hildesheim nchini humohumo. Uliza kabla ya kufunga safari, kwa kuwa mbao za umri huu haziwekwi wazi nyakati zote. Kwa asiyesafiri, Sarah Symons wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ameongoza kazi ya kuyakusanya majedwali haya kwenye hifadhidata iliyo wazi mtandaoni.

Linamfaa mwalimu wa hisabati, mtu wa programu za kompyuta, na yeyote anayetaka kujua wazo limefanyaje kazi kabla ya kulishangaa. Anayetafuta picha nzuri atavunjika moyo. Katikati ya jedwali kuna ukanda mdogo tu wa picha: Nut mungu wa mbingu, mguu wa mbele wa fahali (nyota saba za kaskazini), Sah na Sopdet.

La pili: dari za nyota

Linasema nini. Ya kale zaidi inayojulikana iko katika kaburi la Senenmut, msimamizi mkuu wa mali za malkia Hatshepsut, huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile kutoka Luxor. Sisi tuko karne ya 15 KK sasa. Dari imegawanywa pande mbili. Upande wa kusini kuna orodha ya dekani, Orioni na Sirius wakisafiri kwa mashua, na sayari: Mshtarii, Zohali, Utaridi na Zuhura. Upande wa kaskazini kuna maduara 12 ya miezi, kila moja limekatwa vipande 24, na katikati yake makundi ya nyota zisizozama: fahali, kiboko jike, mamba. Hapa ndipo utakutana na sayari za Misri, ambazo majeneza hayazitaji.

Ugumu wake. Macho huelewa upesi, akili huchelewa. Picha zinavutia, lakini si ramani. Mtu akikuambia kiboko ni kundi fulani la nyota za leo, mwombe sababu.

Kasoro zake. Dari ya Senenmut haikumalizwa. Mirihi haimo pamoja na sayari nyingine. Wapo waliotumia pengo hilo kutafuta usiku fulani hasa ambao anga lilikuwa hivyo. Mimi napendekeza tahadhari, kwa sababu dari hizi zilinakiliwa kutoka kielelezo hadi kielelezo, na picha ya namna hiyo ni ya mapokeo kuliko ya usiku mmoja. Katika dari za baadaye Mirihi amerudi, na maandishi yanasema husafiri kinyumenyume. Hilo ni jicho la mtu aliyeifuatilia sayari kwa miezi akaiona ikirudi nyuma kati ya nyota.

Pa kuliona. Kaburi la Senenmut kwa kawaida halifunguliwi kwa wageni. Nakala ya dari iliyochorwa kwa mkono na Charles K. Wilkinson iko Metropolitan Museum, New York, na ni safi sana. Luxor kwenyewe, nenda Ramesseum, hekalu la Ramesses II, ambako dari ya nyota bado iko juu ya nguzo zake, au kaburi la Seti I lenye michoro ya rangi ya dhahabu juu ya buluu nzito, kwa tiketi ya pekee.

Linamfaa msanii, mwalimu wa watoto, na anayependa dini na visasili vya Misri.

La tatu: saa za nyota za akina Ramesses

Linasema nini. Karne ya 12 KK, katika makaburi ya Ramesses VI, VII na IX kwenye Bonde la Wafalme, tunakuta namna nyingine kabisa ya kuhesabu saa. Majedwali ni 24, mawili kwa kila mwezi. Kila moja lina mistari 13: mwanzo wa usiku na saa zake 12. Chini amechorwa mtu ameketi, uso ametuelekezea, na juu yake kuna mistari ya wima ambamo nyota zimepangwa. Maandishi yanasema nyota fulani iko mkabala na moyo, au juu ya jicho la kulia, sikio la kushoto, bega la kulia. Mwili wa mtu ndio kipimo cha anga.

Hapa nyota haisubiriwi ichomoze. Inatazamwa inapopita sehemu ya juu ya njia yake, kushoto au kulia ya mstari wa katikati. Nyota zilizotumika ni 47, na nyingi ni viungo vya makundi makubwa: kuna Jitu lenye kichwa, shingo na magoti, na kuna Kiboko.

Ugumu wake. Ni gumu kuliko yote manne, na sitaki kumdanganya mtu. Kwanza lazima uelewe anga linavyozunguka, pili ujue mtazamaji alikaa upande gani, tatu uvumilie saa ambazo urefu wake hautabiriki.

Kasoro zake. Mara nyingi nyota iliyochorwa kwenye mistari hailingani na maandishi yaliyo pembeni yake. Anga linaloelezwa pia ni la kale kuliko makaburi yenyewe. Wachoraji walinakili jambo ambalo huenda hawakulielewa tena.

Pa kuliona. Makaburi yote matatu hufunguliwa kwa wageni kwa nyakati tofauti. La Ramesses VI lina tiketi yake. Nenda na kurunzi ndogo, kama walinzi watakuruhusu, kwa kuwa dari iko juu na mwanga ni hafifu.

Linamfaa anayejua falaki tayari, na mwenye hamu ya kujua watu walipimaje kwa macho matupu.

La nne: duara la Dendera

Linasema nini. Kwenye paa la hekalu la Hathor huko Dendera, kaskazini ya Luxor, kulikuwa na chumba cha ibada ya Osiris, na dari yake ilikuwa jiwe la mchanga lililochongwa anga zima katika duara lenye kipenyo cha mita 1.55. Ni la takriban 50 KK, siku za mwisho za watawala wa ukoo wa Ptolemaio. Pembezoni wamezunguka dekani 36. Katikati yupo kiboko pamoja na mguu wa fahali, walewale wa Senenmut. Kati ya hao na pembezoni zimeingia buruji 12, ambazo Misri ilizipata kutoka Babeli kupitia kwa Wagiriki. Msomaji anayezijua kwa majina ya Hamali, Thauri, Jauza na Saratani atazitambua mwenyewe. Dalu ndiye anayenipendeza zaidi: wamemchora kama Hapy, mungu wa mafuriko ya Nile, akimimina maji kutoka mitungi miwili. Hivyo ndivyo Wamisri walivyompokea mgeni, wakamvika nguo za nyumbani.

Ugumu wake. Ni jepesi kulianza, kwa sababu nusu ya picha unaijua.

Kasoro zake. Ukianzia hapa bila kujua historia, utadhani Wamisri wa enzi za mapiramidi walikuwa na buruji 12. Hawakuwa nazo. Kabla hieroglifi hazijasomeka, wasomi wa Ulaya walilipa jiwe hili umri wa maelfu mengi ya miaka zaidi ya ulio wake, na madai ya namna hiyo bado yanazunguka mitandaoni.

Pa kuliona. Jiwe lenyewe lilikatwa likatolewa hekaluni mwaka 1821 na Claude Lelorrain, likauzwa kwa mfalme Louis XVIII wa Ufaransa kwa faranga 150,000, na tangu 1922 liko jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Dendera imebaki nakala ya plasta. Nasema wazi kwamba inauma kupanda ngazi za hekalu lile na kukuta nakala. Lakini usikate safari, kwa sababu ukumbi wa mbele wa hekalu una dari nyingine ya nyota, ya mstatili, iliyosafishwa ikarudi na rangi zake. Esna pia, kusini ya Luxor, timu ya Misri na Tübingen imekuwa ikiisafisha dari ya hekalu tangu 2018, na buruji zimejitokeza chini ya masizi.

Linamfaa anayefuatilia jinsi elimu ilivyosafiri kati ya Babeli, Ugiriki, Misri na baadaye Waarabu, na msafiri anayetaka kuona jambo kubwa kwa mara moja.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama uko nyumbani, huna nauli wala hieroglifi, lakini una subira ya hesabu, anza na majeneza. Karatasi ya miraba na intaneti vinatosha.

Kama una darasa la watoto, anza na dari. Wape kiboko na mamba kwanza, kisha uwapeleke nje usiku wazitafute nyota saba za kaskazini. Ukiwa karibu na ikweta utazipata chini kaskazini, zaidi kati ya Machi na Juni, na watoto wataona wenyewe kwamba kwetu nyota hizo huzama, ilhali kwa Mmisri wa kale hazikuzama. Orioni na Sirius zitafute Desemba hadi Machi, baada ya magharibi.

Kama una siku chache Luxor, siku moja ichukue Ramesseum na kaburi la Ramesses VI, nyingine Dendera. Majeneza ya Asyut usiyatafute Luxor.

Kama unataka kusoma kwa undani, juzuu tatu za Neugebauer na Richard Parker zilizotoka 1960, 1964 na 1969 zimegawanywa karibu kama makala haya: ya kwanza ni ya majeneza, ya pili ni ya saa za akina Ramesses, ya tatu ni ya dari na buruji. Ni za kazi na baadhi ya hitimisho zake zimepitwa na wakati, kwa hiyo azima ile moja inayohusu ulichokichagua.

Na kama umevutwa na Dendera tayari, endelea nayo, ila soma kwa kurudi nyuma. Shika dekani 36 zilizo pembezoni, ziulize zimetoka wapi, nazo zitakurudisha kwenye dari ya Senenmut, na kutoka hapo hadi ubao wa jeneza Asyut, miaka 2000 kabla ya jiwe hilo kuchongwa.